Aibu ya Paa Moja

S.L.P. 618,
Kitale.
9 Aprili 1989

Mpendwa Mama Namalwa,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu zangu bado unazitaka. Sisi huku hatujambo.

Ijumaa asubuhi nilipofungua gereji niketi kwenye mashine yangu ya sweta, nilikuta kikaratasi chako kimesukumwa chini ya mlango. Nimekisoma mpaka kimeanza kuchanika pale kilipokunjwa. Nakurudishia maneno yako mwenyewe, usije ukasema nimeongeza chumvi: "Mama Gichuki, nimeenda nyumbani Kanduyi. Naona aibu kulala paa moja na kijana wako. Usinifuate."

Kijana wangu. Yule uliyekuwa ukimpa ugali na mrenda akitoka shule, akarudi kwangu ameshiba akakataa githeri yangu. Yule aliyemwoa binti yako Desemba, wewe mwenyewe ukaongoza nyimbo mpaka sauti ikakauka. Walipokuwa wakikaa Nakuru hapakuwa na aibu. Wamehamishiwa Kitale, wamefika kwangu Alhamisi na masanduku yao, na jioni hiyohiyo ukafunga mlango ukaondoka. Hata chai ya kuwapokea hukuinywa. Nilikutengea kikombe chako, kile cha maua.

Nikukumbushe, kama umesahau. Wahome wangu na Wekoye wako walichora ramani moja kwa sababu ploti zetu zilikuwa nyembamba: nyumba yangu huku, nyumba yako kule, gereji zikutane katikati, ukuta mmoja kati yake na mabati ya juu yaende moja kwa moja kutoka jikoni kwangu hadi jikoni kwako. Kila mmoja alikuwa akiota Peugeot yake. Wahome alikufa hata baiskeli mpya hajanunua. Gereji yangu ikawa ya mashine, yako ikawa ya kuku, na miaka yote hiyo chai ikiiva wewe hugonga ukuta kwa mwiko, nami naacha sweta la mtoto wa watu lina mkono mmoja, naja.

Nilijua wako watu hapa Kitale wasiotaka binti yao aolewe na Mkikuyu. Sikujua kwamba nilikuwa nikinywa chai ya mmoja wao.

Kama Gichuki amekukosea, sema. Si mkubwa kwangu, nitamkanya. Kama ni kabila, sema pia, nijue.

Ni mimi jirani yako, kama bado ni jirani,
Wangu, Mama Gichuki


Kanduyi,
S.L.P. Bungoma.
30 Aprili 1989

Kwa Mama Gichuki,

Salamu nyingi sana. Nimepokea barua yako. Baba Namalwa naye anakusalimu, mguu wake umevimba tena tangu mvua ianze.

Si vile unavyofikiri. Gichuki hajanikosea hata kidogo. Ni mambo ya heshima tu, na wewe ni mzazi, unajua aibu ya mkwe ilivyo. Siwezi kuandika zaidi. Kwetu jambo hili halisemwi kwa mdomo wa mama mwenyewe.

Kuku, mwambie Namalwa awauze au mle. Yule mweupe msimchinje, hutaga kila siku ila Jumapili, nafikiri ni wa kanisa letu.

Wako,
Nakhungu


Kanduyi,
30 Aprili 1989

Mwanangu Namalwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kibukusu chako cha Kitale ni cha kuomba chumvi tu.

Ulipoingia chumbani kwangu siku ile ukanikuta nakunja nguo, hukuuliza kitu. Nilijua umeelewa. Mama yangu hakuwahi kulala chini ya paa lililomfunika baba yako. Hata mwaka ule wa mvua ya mawe alipotutembelea, alikwenda kulala kwa jirani. Akaniambia, mama mkwe akilala na mkwewe paa moja, mzigo huangukia watoto watakaozaliwa. Labda ni maneno ya wazee. Baba yako anacheka, anasema, "Si ni mjini huko, bana, mila haijui mabati." Lakini wewe una mimba, Namalwa, nami sitaijaribu mila juu ya tumbo lako.

Usidhani sikutafuta njia. Niliposikia Gichuki anahamishwa nilikwenda ofisi ya majengo. Nikamwomba karani wanikubalie nikate mabati pale katikati, upana wa mkono tu, nione mbingu, nijue paa langu limeishia hapa na lake linaanzia kule. Akafungua ramani akaniambia, "Mama, hii kwa sheria ni nyumba moja yenye milango miwili. Mkiungana, muungane. Mkitengana, mtengane kabisa, kila mmoja asogee futi kumi kutoka mpaka." Nikamuuliza futi kumi ni wapi. Akaniwekea kidole kwenye gereji zote mbili. Zibomolewe, yangu na ya mama mkwe wako, na sisi wawili tutie sahihi.

Yangu ningeibomoa hata kwa mwiko. Lakini yake, mashine zake zitakwenda wapi? Gereji ile ndiyo iliyomsomesha Gichuki baada ya mzee kufa. Ningemwomba angekubali, namjua, angekubali kabla sijamaliza kusema, kisha akae jikoni bila kazi akiniambia ni sawa. Kwa hiyo sikumwomba.

Nanyi msihame kwa ajili yangu. Mjane haachwi na mwanawe mmoja eti kwa sababu jirani ana mila zake.

Usimwambie. Akijua atabomoa. Gichuki akiuliza, mwambie namuuguza baba yako, na si uongo.

Mama yako,
Nakhungu


Kitale,
3 Desemba 1989

Mama Namalwa,

Nakujulisha kwamba Namalwa amejifungua msichana, salama. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza wa kike ni wa mama wa mume, kwa hiyo anaitwa Wangu. Msichana wa pili atakuwa wa jina lako, kama jina lako litataka kulala paa moja na letu.

Nilikungoja. Namalwa alisema utakuja, nikaweka godoro jipya kwenye chumba cha wageni. Kumbe nilimwekea paka.

Lile pengo la juu ya ukuta wa gereji, tulilokuwa tukipitishiana kiberiti, fundi ameliziba. Sheria inataka ukuta ufike kwenye mabati, na mimi siku hizi nafuata sheria.

Wangu


S.L.P. Bungoma,
17 Januari 1993

Kwa Mama Gichuki,

Pokea salamu kutoka kwa mzee wako Wekoye. Hatujambo, mahindi tumeshapukuchua, ila uzee nao umeingia bila kubisha hodi.

Nakuandikia kwa heshima ya marehemu Wahome. Ile nyumba ya Kitale nimeiuza. Tangu yule mpangaji wetu ahame mwaka jana kwa hofu ya yale mapigano ya makabila yaliyokuwa yakiendelea mashambani, imekaa bure na panya wameshika usukani. Aliyenunua ni Bwana Kimaiyo, mtu mpole, mkulima wa huko Cherangani. Ana gari, kwa hiyo hatimaye gereji moja kati ya zile zetu itaona gari. Wahome angecheka.

Nimeona nikuambie mwenyewe kwa sababu nasikia hamwandikiani, wewe na mke wangu. Mimi mambo ya wanawake siyaingilii. Lakini nilifikiri muda wote huu mlikuwa mmeelewana. Unajua sisi Wabukusu, mama mkwe na mume wa bintiye hawalali paa moja. Ni ile aibu ya kuheshimiana, sisi huiita chisoni. Nilimwambia Nakhungu mjini hayo hayahesabiwi. Akanijibu mabati hayajui mjini wala kijijini. Alikwenda ofisi ya majengo akirudi na kurudi, akiomba wakate paa tu. Walipomwambia lazima gereji yako nayo ibomolewe, aliacha kwenda. Akasema hawezi kukunyang'anya mahali pa mashine zako. Akanikataza nisikwambie, na mimi nikatii, nikidhani baadaye alikwambia mwenyewe ukakubali.

Sasa nyumba imekwisha kuuzwa, nadhani hakuna ubaya kuyasema.

Wasalimie watoto. Yule Wangu mdogo alipoletwa hapa Krismasi alinivuta ndevu kama mdai.

Wekoye


Kitale,
14 Februari 1993

Mama Namalwa, rafiki yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Kila nikianza naandika salamu, kisha naona sina haki ya kukusalimu kama mtu ambaye hakutenda kitu.

Baba Namalwa ameniandikia. Amenieleza yote akidhani nayajua. Niliisoma nimesimama gerejini, mashine ikaenda yenyewe mpaka uzi ukakatika.

Nakhungu, umeniandikia neno "aibu" mara mbili, na mara zote mbili nimelisoma kama aibu ya mtu aliyeibiwa kuku akamkuta jirani anamchemsha. Nilidhani mwanangu ni doa kwako. Kumbe ulikuwa ukisema jambo jingine kabisa, na Kiswahili chetu cha kuokoteza hakikuwa na neno la pili. Baba Namalwa ameandika chisoni. Nikalitamka kwa sauti, hapo peke yangu. Unajua sisi aibu hiyo tunaiitaje? Thoni. Na mkwe tunamwita muthoni, yaani mtu wa thoni. Nimelitamka neno hilo maisha yangu yote. Siku ya harusi nililitamka mbele yako, nikakuita muthoni wangu, watu wakapiga vigelegele. Sikuwahi kusikia kilichokuwa ndani yake.

Na si kwamba kwetu halikuwapo. Mama yangu kule Nyeri, akimwona Wahome anakuja njiani, alikuwa akiingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, mama, siku hizi tuna dini. Sasa najua kwa nini alinitazama vile.

Namalwa nimemuuliza. Amelia. Anasema ulimfunga mdomo, naye alifikiri siku moja ningeuliza kwa upole badala ya kununa. Sikuuliza. Mimi ni mtu wa kununa, Wahome alikuwa akisema naweza kununia mvua.

Sasa nikwambie jambo litakalokuumiza, lakini linaniuma mimi zaidi. Mashine zangu zilikuwa mbili. Tangu shule zianze kununua sweta za Nairobi nimebaki na moja, na hiyo ingekaa hata sebuleni. Wakati wowote katika miaka hii ungeniandikia, "Tia sahihi," ningetia siku hiyohiyo. Hata ule mwaka wenyewe ningetia. Ulinihurumia gereji nikabaki na gereji. Ningebaki na wewe.

Mwaka jana, watu walipokuwa wakihama usiku na magodoro kichwani, niliogopa. Nikagonga ukuta kwa mwiko. Nilikuwa nimesahau kwamba huko hakuna mtu, na pengo nimeliziba mwenyewe.

Nilipomaliza kusoma barua ya mzee nilivaa kitambaa nikaenda kwa Bwana Kimaiyo, kabla hata hajafungua mizigo. Nikamwambia tubomoe gereji zote mbili, gharama ni yangu, na baadaye akitaka kupangisha vyumba nina mpangaji mzuri. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Lakini mama, si unaona hii gari? Nitaiweka wapi? Hii nyumba nilinunua sababu ya gereji." Nikaenda ofisi ya majengo. Karani ni mwingine, kijana, lakini ramani ni ileile. Akaniambia bila sahihi ya mwenzangu siwezi kugusa hata msumari, kwa kuwa ni nyumba moja yenye milango miwili.

Nilimwambia mlango mmoja umekwisha kuondoka. Akakunja ramani.

Nisamehe. Nimeandika hivyo waziwazi kwa sababu yale tusiyoyaandika waziwazi ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mimi,
Wangu


Kanduyi,
7 Machi 1993

Mpendwa Mama Gichuki,

Barua yako nilisomewa na Baba Namalwa kwa kuwa miwani yangu imevunjika. Alipofika pale pa muthoni aliishusha karatasi, nikamwambia endelea. Akasema, "Hii ungepewa usome mwenyewe." Nikaazima miwani ya mke wa Wabwile, jirani yetu wa hapa, nikaisoma tena yote.

Nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini usiubebe mzigo peke yako, mwingine ni wangu. Nilifikiri nikinyamaza nakuheshimu. Na tena, nikwambie ukweli, nilikuwa na kiburi kidogo. Nilisema moyoni, tumekaa ukuta mmoja miaka yote hii, kama hanijui basi asinijue. Ulipoandika kwamba pengo limezibwa, nilikaa mlangoni mpaka giza likaingia. Baba Namalwa aliponiuliza kuhusu kuiuza nyumba, nilikuwa na siku ya kusema hapana. Nikasema uza. Nilikuwa nimekasirika. Hicho ndicho ninachojutia kuliko vyote, kwa sababu siku hiyo hakuna mila iliyonilazimisha.

Hapa majirani ni wazuri. Nyumba ziko mbalimbali, kila mtu na ua wake, na nafasi ni kubwa kuliko hizo futi kumi za karani. Nikipika chai naipika, nainywa. Hakuna ukuta wa kugonga.

Yule kuku mweupe mlimfanyaje?

Wako,
Nakhungu


Kitale,
21 Agosti 1994

Muthoni wangu,

Safari hii nimeliandika nikijua ninachosema.

Namalwa amejifungua Jumatano, msichana tena. Anaitwa Nakhungu, na analia kama mwenye jina: kidogo, kwa heshima, halafu ananyamaza mtu ahangaike kutafuta ni nini. Gichuki alitaka kumwongezea la kizungu mbele. Nimemwambia angoje ubatizo, kwanza mtoto alizoee la nyanya yake.

Uje umwone. Sikwambii uje ulale, najua. Sina pa kukulaza panapofaa. Niliomba kibali nijenge kachumba kamoja nyuma, kenye paa lake kabisa, nikuwekee kitanda. Ofisi imekataa. Nafasi iliyobaki kati ya nyumba yangu na ua wa nyuma ni ya hewa, wanasema, si ya mtu. Kwa hiyo njoo asubuhi. Gichuki nitamtuma sokoni akae huko mpaka utakapoondoka, nawe ukitaka kumsalimia utamsalimia kwa mbali, kama mama yangu, ila hapa mjini hatuna mahindi ya kuingia. Tutakaa nje mbele ya gereji, wewe na mimi na majina yetu mawili. Alasiri nitakusindikiza mpaka stendi.

Kuku mweupe alikufa kwa uzee. Sikumchinja. Hata nilipokuwa nimekukasirikia sikumchinja.

Bwana Kimaiyo ni jirani mwema, sina la kumlaumu. Wiki hii anatundika rafu gerejini kwake, kwenye ukuta wetu. Jana alasiri nilikuwa kwenye mashine akaanza kugonga. Niliacha sweta lina mkono mmoja, nikaenda jikoni, nikachukua kikombe cha maua. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwake ndipo nikakumbuka.

Njoo.

Wangu